Pete Zilizogoma Kufunga

Lữ Thạc alikuwa na kasoro moja ambayo mji wa Quy Nhơn haukuwahi kumsamehe: hakujua kulala mchana. Miaka yote aliyokuwa polisi, wenzake walipofungua vifungo vya mashati na kujilaza baada ya chakula, yeye alibaki akizungukazunguka kwenye korido kama mtu aliyepoteza funguo. Sasa alikuwa mkaguzi wa chuo kikuu, cheo ambacho kazi yake hasa ni kuwabana wanafunzi wanaoibia mitihani, na adhuhuri bado ilimkuta macho kodo.

Leo hata asubuhi hakutulia. Alikuwa amekalia stuli ngumu katika maabara ya kemia, ghorofa ya tatu, akitazama sindano ikidondosha tone ndani ya chupa kubwa iliyoviringishwa foili. Tone. Kimya. Tone jingine. Goti lake la kulia lilikuwa likichezacheza lenyewe.

"Baba mdogo, ukiendelea kutikisa meza hivyo watasema na wewe ni mhujumu," alisema Diệp Hạ bila kugeuka. Hawakuwa ndugu; alimwita hivyo kwa heshima ya umri.

"Mimi sijagusa meza."

"Goti lako limegusa."

Thạc akalishika goti. Hạ alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, mwembamba, macho yamemvimba kwa kulia usiku, ila ulimi wake ulikuwa mzima. Kesho asubuhi baraza la chuo lingekaa kumjadili. Mwanzoni mwa mwaka alitangaza kwamba ametengeneza polima za pete: minyororo mirefu ya kemikali ambayo ncha zake mbili zimeshikana ikawa duara, safi, bila uchafu. Profesa wake alifurahi, makala ikachapishwa, picha ya Hạ ikabandikwa langoni. Kisha kila aliyejaribu kurudia akashindwa, Hạ mwenyewe akiwemo. Watu wakaanza kunong'ona kwamba pete zile hazikuwahi kuwepo. Chupa hii ya leo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Zikitoka pete safi, amepona. Ikitoka takataka kama zile nyingine, kesho anafukuzwa, na jina lake halitapokelewa na maabara yoyote nchini.

"Nieleze tena," Thạc alisema. "Kama unamweleza mtu mjinga."

"Si nilikueleza hivyo hivyo jana?"

"Jana nilikuwa mjinga zaidi."

Hạ nusura atabasamu. "Haya. Kuna ukumbi mkubwa, mtupu. Namwingiza mtu mmoja, amefumba macho, namwambia ashike mkono wowote atakaoupata. Atashika wa nani?"

"Wake mwenyewe."

"Hiyo ndiyo pete. Sasa nikiwasukumia ndani watu kibao kwa mpigo?"

"Watashikana wao kwa wao."

"Hiyo ndiyo takataka. Kwa hiyo chupa ni kubwa, kiyeyusho ni kingi, na minyororo inaingia tone kwa tone kutwa nzima. Kila tone lazima lisambae kabla ya jingine kufika. Wakirundikana mlangoni, kwisha habari."

"Na kinacholisambaza ni nini?"

"Kuna kisumaku chini humo kinazunguka. Hukioni kwa sababu ya foili, dawa hii haipendi mwanga." Akamwonyesha mashine iliyobeba chupa, kuukuu, rangi imebanduka pembeni, mbele ina kitaa chekundu. Pampu ya sindano iliyosimama kando yake ilikuwa na kitaa cha kijani. "Ile inasukuma, hii inakoroga. Basi. Hakuna uchawi."

Thạc aliweka kiganja juu ya ile mashine kuukuu. Ilikuwa ikitetemeka kwa mbali, kama paka anayekoroma. Aliondoa mkono haraka kabla hajakemewa.

Mlango ukafunguka, viatu vikavuliwa, na kandambili zikaanza kulia sakafuni. Alikuwa Mwalimu Phùng Quyền, mhadhiri aliyeandika malalamiko dhidi ya Hạ. Mtu mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Kwa muda wa wiki nzima Thạc alikuwa amemshuku yeye, na hakuona haya kumshuku.

"Kaka Thạc, bado tu unakodolea matone?"

"Ndiyo kazi inayoniweka mjini, Mwalimu. Ufunguo wa stoo ya viyeyusho anao nani?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mimi peke yangu." Quyền akavuta stuli. "Unataka kuniuliza kama nimetia maji kwenye kiyeyusho cha huyu binti. Uliza, usizungukezunguke."

"Umetia?"

"Sijatia."

"Najua. Nilipeleka chupa moja ikapimwe kwingine, wamenipigia simu asubuhi. Kikavu kabisa." Thạc hakuficha kwamba ilimuuma. Ilikuwa ndiyo njia yake nzuri kuliko zote, na ilikuwa imekufa.

Hạ aligeuka, akamtazama Quyền, kisha Thạc. "Kumbe ulikuwa unamshuku Mwalimu?"

"Mimi humshuku kila mtu, binti. Hata wewe bado."

"Afadhali amenishuku mimi," Quyền alisema. "Nilirudia jaribio hili kwa mikono yangu. Kiyeyusho nimekichuja mwenyewe, vyombo nimeviosha mwenyewe. Likagoma. Sasa nijihujumu ili iweje?"

"Ulikuwepo hapa muda wote?"

"Kutwa nzima. Hata nikienda msalani, Profesa alinishikia zamu. Na yeye Hạ aliporudia, nilimkalia hapo hapo ulipokaa wewe. Kutwa."

"Na ile ya kwanza, iliyokubali?"

"Ahaa!" Quyền alinyoosha kidole juu. "Muulize aliifanya lini. Wakati wa Tết! Sisi sote tumekwenda makwetu kula mwaka mpya, jengo zima tupu, hamna hata shahidi. Ajabu ya dunia, pete zinakubali kufunga pale tu ambapo hakuna wa kuziona."

"Nilibaki ili nifanye kazi bila kutumwa chai," Hạ alisema taratibu.

"Maneno hayo kayaseme kesho barazani, mdogo wangu, uone watakavyocheka."

Hạ akaanza kuifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Thạc alimwonea huruma, na huruma ilimkera, kwa sababu hakuwa na kitu cha kumpa.

Katika chumba cha pili alimkuta Profesa Tạ Mẫn mbele ya kompyuta. Mama huyu mwenye nywele nyeupe alikuwa mkubwa kuliko wote katika idara, na picha yake ilikuwa langoni pamoja na ya Hạ.

"Mkaguzi, nimemlea yule kama mwanangu," alisema kabla hajaulizwa. "Kama amenidanganya, niambie leo. Nisije nikaambiwa kesho mbele za watu."

"Nionyeshe zile zilizoshindwa."

Mchoro ukatokea kwenye skrini: mstari uliolala, ukapanda mlima, ukashuka. Mbele ya mlima kulikuwa na nundu.

"Hiyo nundu ndiyo uchafu," Profesa Mẫn alisema. "Minyororo iliyomshika jirani badala ya kujishika yenyewe. Ni mikubwa, kwa hiyo inapita kwenye mashine ya kupimia haraka na kutoka mwanzo. Pete imejikunja, ni ndogo, inachelewa kutoka."

"Mdogo ndiye anayechelewa?"

"Umewahi kumtuma mtoto dukani? Anaingia kila uchochoro. Ndani ya mashine kuna vijitundu vingi, mkubwa hapenyi, mdogo anapenya vyote. Ukiona kitu kimechelewa kutoka, shangilia."

"Ngoja. Nionyeshe nyingine. Ya Quyền. Sasa ya Hạ. Zipandishe juu ya nyingine."

Profesa akazipandisha. Nundu ya kwanza, ya pili, ya tatu, zikalaliana mpaka zikaonekana kama moja.

Thạc aliacha kutikisa mguu. Aliwahi kuwafuata wachoma mazao na watia sumu visimani, akajua jambo moja kuhusu watu wa chuki: hawana kipimo. Siku moja mhalifu huwa na woga akaharibu kidogo, siku nyingine huwa na hasira akamwaga yote. Hapa uharibifu ulikuja sawa kila mara, kwa Hạ na kwa adui yake, kana kwamba umepimwa kwa kikombe kimoja.

"Profesa," alisema, "huyu tunayemtafuta hana chuki na mtu. Huyu ana mazoea."

"Mazoea ya nini?"

"Ningejua, ningekuwa nimekwenda kulala."

Chakula kilifika kabla hajapata jibu. Bún chả cá, mabakuli ya plastiki, mvuke wa supu na minofu ya samaki iliyokaangwa. Walikula kwenye meza ya nje ya maabara. Hạ alizungusha tambi zake kwa vijiti akaziacha. Baada ya hapo watu wakafanya kile ambacho mji mzima ulikuwa unafanya saa hiyo: wakavuta vitanda vya kukunja kutoka nyuma ya makabati, wakavipanga kati ya meza za maabara, mapazia yakafungwa.

"Na wewe, Kaka Thạc, lala," Quyền alimsogezea kitanda. "Mtu asiyelala adhuhuri anatisha watu."

"Nani atalinda chupa?"

"Chupa iko hapa, sisi tuko hapa. Inalindwa na nani zaidi?"

Ilikuwa hoja ya kawaida kabisa. Katika mji huu mtu aliyelala kazini adhuhuri huhesabiwa yupo kazini, na hakuna mahakama ambayo ingeuliza vinginevyo. Thạc alijilaza. Kitanda kilimchoma ubavuni. Profesa Mẫn alikuwa amekwisha kujifunika khanga usoni. Hạ alikaa ukingoni mwa kitanda chake, anaitazama sindano.

Quyền alijinyoosha, akapiga miayo. "Hạ. Taa, mdogo wangu."

Hạ akainuka. Mdogo kuliko wote chumbani ndiye huzima taa ili wakubwa walale. Hakuna aliyewahi kuifanya sheria, na hakuna aliyewahi kuivunja. Swichi ikalia. Giza likaingia, pangaboi likaendelea kuzunguka. Hạ akarudi kitandani, uchovu ukamlaza, na baada ya muda mfupi Quyền akaanza kukoroma.

Thạc aligeukia upande mmoja. Akageukia wa pili. Akajaribu kufumba macho, yakafunguka. Akatazama kule mbele kwenye meza ya chupa ili apate kitu cha kuhesabu, na akaona kitaa cha kijani, kinang'aa vizuri gizani.

Kijani kimoja.

Akakaa kitako. Asubuhi vilikuwa viwili. Taa huonekana zaidi kukiwa na giza, haipotei. Chekundu kimekwenda wapi?

Alitembea pekupeku kati ya vitanda, pumzi ameibana. Pampu ilikuwa ikiendelea na kazi yake kwa uaminifu. Tone likaanguka mbele ya macho yake. Akaweka kiganja juu ya mashine kuukuu. Paka alikuwa amekufa.

Hapo ndipo alipoelewa yote kwa pamoja, na hapo hapo akataka kukimbilia swichi. Mkono wake ulikuwa tayari umefika ukutani. Akauzuia. Akiwasha sasa, mashine itaamka, wote wataamka, na kesho atabaki mzee mmoja asiyelala anayesimulia habari za kitaa chekundu. Asipowasha, kila tone linalorundikana pale linampeleka Hạ nje ya lango. Alihitaji shahidi, tena haraka, tena shahidi ambaye baraza haliwezi kusema anampenda binti huyu.

Alimshika Quyền bega.

"Nini?"

"Shh. Njoo uweke mkono hapa."

"Kaka Thạc, wewe una wazimu kweli…"

"Weka mkono."

Quyền aliuweka. Alikaa hivyo kwa muda wa tone moja. Kisha akachungulia kwenye upenyo wa foili kwa tochi ya simu, na Thạc akamwona uso ukibadilika. Kisumaku kilikuwa kimelala chini ya chupa, kimya, kama kijiti kilichotupwa.

Kama Quyền angetaka kumwangamiza Hạ, hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Angeweza kuuliza, kubisha, kuchukua muda wake. Matone yangefanya mengine. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Aliibonyeza pampu ikasimama, akainama chini ya meza, akashika waya wa mashine na kuufuata kwa vidole kama mtu anayefuata ukuta gizani. Waya haukuingia kwenye soketi za mezani. Ulipanda ukutani, ukajipachika kwenye soketi ya zamani karibu na dari, juu kabisa, kwenye laini ya taa, ile inayokatwa na swichi.

"Mungu wangu," Quyền alisema kwa sauti ya kawaida, na Profesa Mẫn akaondoa khanga usoni.

"Kuna nini?"

"Washa taa, Mwalimu," Thạc alisema. "Sasa washa."

Quyền akawasha. Kitaa chekundu kikarudi. Mashine ikaanza kutetemeka, haina habari, kana kwamba haijawahi kulala.

"Ndivyo inavyofanya," Thạc alisema. "Inalala mkilala, inaamka mkiamka. Pampu iko kwenye laini nyingine, yenyewe haijui, inaendelea kumwaga. Watu wanarundikana mlangoni adhuhuri yote. Ndiyo maana nundu ni moja kila mara. Usingizi wenu ni mmoja kila siku."

Hạ alikuwa amesimama, nywele zimemwangukia usoni. "Lakini wakati wa Tết…"

"Wakati wa Tết ulilala mchana?"

"Nililala."

"Ulizima taa?"

"Kwa ajili ya nani? Nilikuwa peke yangu. Nililala na mwanga us…" Aliitazama swichi. Kisha alikitazama kidole chake cha shahada, akakifunga ndani ya ngumi. "Ni mimi," alisema. "Kumbe ni mimi. Kila chupa. Nimeziua zote mwenyewe."

Thạc alikuwa amefumbua kesi nyingi, na mara zote kulikuwa na raha kidogo mwishoni, hata kama ni ndogo. Safari hii hakuiona.

"Tutalia baadaye," Profesa Mẫn alisema, mikono imekwisha kuvaa glavu. "Kisumaku kilisimama kwa muda mfupi tu. Basi, acha kisambaze kilichomo. Quyền, hamisha waya. Hạ, anzisha pampu. Minyororo mingapi imebaki kwenye sindano?"

"Zaidi ya nusu, Profesa."

"Basi bado tuna siku."

Hawakulala tena. Adhuhuri ile, labda kwa mara ya kwanza tangu jengo lile lijengwe, maabara ya ghorofa ya tatu ilikaa na taa zimewaka na watu wanne macho wazi, wakitazama matone. Quyền alichukua plasta nyeupe akaibandika swichi, akabandika nyingine juu yake, na nyingine tena. Thạc alizunguka korido mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu.

Jioni sindano ilikuwa tupu. Wakasafisha, wakachuja, wakaiweka sampuli kwenye mashine ya kupimia, wakarundikana mbele ya skrini. Mstari ukaanza kutambaa, umelala.

"Nundu hukaa wapi?" Thạc aliuliza.

Profesa Mẫn alionyesha kwa ukucha. Mstari ukakaribia pale. Hạ alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Mstari ukafika, ukapita, bado umelala.

"Hakuna kitu," Thạc alisema. "Mbona hakuna kitu?"

"Nyamaza, baba mdogo," Hạ alinong'ona. "Ngoja."

Wakangoja. Mahali pa mnyororo ulionyooka, usiofunga, napo pakafika, napo pakapita. Goti la Thạc lilikuwa linapiga meza na safari hii hakuna aliyemkemea.

"Imechelewa," Quyền alisema polepole. Kisha kwa sauti: "Imechelewa!"

Mlima ulipanda peke yake, mwembamba, msafi, mbele yake tambarare kama sakafu. Profesa Mẫn alipiga meza kwa kiganja. Hạ aliteleza mpaka akakaa chini, akalia kama ambavyo hakuwa amelia mbele yao hata siku moja, kifua chote.

Quyền alichuchumaa karibu naye, magoti yakamlia. Hakujua aweke wapi mikono.

"Kesho watauliza nani aliyekuwa akizima," Hạ alisema katikati ya kwikwi. "Nitasemaje? Niseme nimewapotezea muda wote huo kwa kidole changu?"

"Kidole chako, mdomo wangu," Quyền alisema. "Nani alikuwa akikwambia 'Hạ, taa'? Kila siku. Hata kukuangalia sikukuangalia." Sasa alimwangalia. "Malalamiko niliyaandika mimi. Kesho nitasimama wa kwanza, na nitaanza na mdomo."

Hạ hakusema amemsamehe. Alijifuta uso kwa mkono wa koti, akasimama, akaanza kukusanya vyombo kwa sababu vilihitaji kukusanywa. Quyền naye akainuka, akachukua kitambaa.

Walipomaliza, wakavaa viatu mlangoni. Nje pikipiki zilikuwa zikinguruma kuelekea baharini, watu wanakwenda kupunga upepo. Kazi ilikuwa imekwisha, chupa imefungwa, na hapakuwa na sababu ya kuacha taa zikiwaka. Hạ aligeuka kwa mazoea, mkono mbele.

"Toa mkono," alisema Profesa Mẫn.

Alirudi ndani na viatu vyake miguuni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, yeye mkubwa kuliko wote pale, akabandua plasta za Quyền moja baada ya nyingine, na akazima taa mwenyewe.